Imbwa ya lupango pia inafanya kazi: tuiangalie mbele ianguke



Gazeti hii imenifundisha mambo mingi. Leo najua kutambua muhogo wenye mozaiki mbele majani yote ijikunje. Najua kutofautisha mugomba wenye kukosa mayi na mugomba wenye mnyauko, ule wa kukatwa na kuzikwa bila huruma. Juu ya mbuzi, nguruwe, kuku na kobayi tumeandikiwa tena na tena, na ni vizuri. Lakini kuko nyama moja ambayo iko karibu kila lupango hapa kwetu Walungu, inalala inje na mvua, inalinda hizo zote zingine, na hakuna mutu anaandika juu yake. Ni imbwa.

Najua wamoja watacheka. Watasema: koperative iko na mashida ya mbolea, ya barabara, ya bei ya kahawa, na huyu papa anatuletea habari ya imbwa. Muniruhusu. Miaka mbili iliyopita imbwa yangu ilinigaramia mbuzi tatu na nguruwe moja, na kidogo tu inigaramie mutoto wa jirani na mukono wangu mwenyewe. Na kosa haikukuwa ya imbwa. Ilikuwa yangu, juu ilinionyesha siku tatu muzima kwamba iko mugonjwa, na mimi nilikuwa naangalia paka mihogo.

Ilikuwa inaitwa Watasema. Ilikaa kwangu miaka sita, na usiku ilikuwa inalinda depo ya koperative kwa sababu nyumba yangu iko karibu. Wale ambao wanaweka maharage yao mule wanaikumbuka. Tangu ilikuja, gunia hata moja haikutoka mule bila ruhusa. Hakuna mutu aliyeilipa kitu. Ilikuwa inakula kauko ka bugali na vichwa vya sambaza, kwisha.

Siku ya kwanza ilikataa bugali. Mutoto wangu mwanamuke, wakati ule alikuwa na miaka kumi na moja, njo alikuwa anaipatia chakula. Akaniambia: « Papa, Watasema haikuli, na imejificha chini ya ghala. » Nikasema itakula kesho. Magaribi akarudi tena: « Papa, sauti yake imechangika. Inabweka sawa mutu mwenye kukauka koo. » Nikasema iko na baridi. Siku ya pili mudomo wake ulikuwa umeninginia, mate inamwangika, inataka kunywa na haiwezi kumeza. Mimi, mutu muzima, memba wa komite, nikafikiri mufupa umeikwama kooni. Nikaishika kichwa, nikaingiza mukono ndani ya mudomo kutafuta mufupa. Mufupa haukukuwa. Nilitoka na vidole vyenye mate, na siku ile nilikuwa na kidonda cha jembe hapa kwenye kidole cha shahada.

Siku ya tatu asubui haikukuwa lupangoni. Ilirudi saa sita, inatembea sawa mulevi wa kasiksi, haimujue mutu. Njiani ya kisima ilikutana na mutoto wa jirani mwenye miaka saba na ikamuluma kwenye muguu. Siku yenye kufuata ikakufa yenyewe ndani ya shamba la maharage.

Wengi wanasoma hapa tayari wanajua jina la ugonjwa ule. Ni kichaa cha imbwa, ile tunaita raje. Na kama kuko kitu kimoja ninaomba kila memba ashike katika barua hii, ni hii ya mufupa. Imbwa ambayo mudomo umeninginia, inatoa mate, haimeze, sauti imegeuka: usiingize mukono. Raje inakausha mishipa ya koo na ya taya, njo maana inafanana na mutu aliyekwamwa na kitu. Kwa ng'ombe ni vile vile. Ng'ombe aliyelumwa na imbwa mugonjwa anaweza kuanza kulia bila kuacha na kutoa mate, na mwenyewe anaingiza mukono mupaka kwenye kiwiko kutafuta kiazi ambacho hakiko. Ugonjwa uko ndani ya mate. Kidonda kidogo tu kinatosha.

Imbwa ilikuwa imeutoa wapi? Kisha tulikumbuka. Mwezi mbili hivi mbele ya pale, siku ya soko, ilipigana na imbwa moja isiyo na mwenyewe. Ilirudi na kidonda kwenye bega. Nikaweka chumvi, kikapona, nikasahau. Ugonjwa huu haufanyi haraka. Unaweza kukaa ndani ya mwili majuma kazaa, miezi, mara ingine mwaka muzima, unatembea polepole mupaka kwenye bongo. Wakati huo imbwa inakula, inacheza, inakulinda. Siku dalili zinaonekana, hakuna dawa tena, kwa imbwa wala kwa mutu.

Sasa tuseme juu ya imbwa ambayo haina raje, maana hizo njo nyingi, na mutu ambaye hajui imbwa mwenye afya hawezi kumutambua mugonjwa.

Kwetu kuko neno ambalo linaniuzi: « Imbwa ya kijiji haigonjoki. » Uongo. Imbwa ya kijiji inagonjoka sana, lakini inaficha. Nyama yenye kuishi kwa kugombania chakula haionyeshe uzaifu mbele ya wengine. Kwa hiyo siku unaona imelala chini na haiwezi kusimama, ugonjwa ulianza kale. Kazi ya mwenyewe ni kuona mambo madogo mbele ya pale. Na haiombe masomo makubwa. Inaomba ujue desturi za imbwa yako. Inaamka saa ngapi? Inakuja mbio ukiita, ao inakuja pole? Inakojoa fasi gani? Inakula haraka ao inachagua? Kitu chochote kinachogeuka kwa siku mbili kinasema neno.

Kwangu leo tunafanya hivi kila siku ya posho, kisha kufagia lupango. Tunafungua mudomo wa imbwa muzima (ninasema muzima, ile ambayo inakula na kunywa kama kawaida) na tunaangalia nyama ya meno. Inapaswa kuwa na rangi ya waridi. Ukifinya na kidole inakuwa nyeupe, ukiacha rangi inarudi mbele umalize kuhesabu mbili. Kama ni nyeupe sawa karatasi, imbwa haina damu: tafuta kupe na minyoo. Kama ni ya manjano, ini linateswa ao damu inavunjika. Imbwa zingine zina nyama ya meno nyeusi tangu kuzaliwa. Kwa hizo angalia ndani ya kope ya chini ya jicho. Halafu tunavuta ngozi ya bega juu na kuiachilia. Ikirudi mara moja, mayi iko ya kutosha mwilini. Ikikawia kusimama sawa hema, imbwa imekauka, iko na haja ya kunywa leo, si kesho.

Watu wengi wanashika pua. Pua kavu, wanasema mugonjwa. Pua yenye mayi, wanasema muzima. Mimi siamini sana pua. Imbwa yenye kulala karibu na moto inaamka na pua kavu na haina kitu. Vilevile mwili wa imbwa ni moto kupita wetu, digri 38 mupaka 39 ni kawaida yake, kwa hiyo mukono wako utaona joto hata kama hakuna homa. Afazali kuangalia namna inapumua wakati imelala kwenye kivuli. Hesabu mara kifua kinapanda kwa dakika moja: kumi mupaka makumi tatu ni sawa. Kama inapita makumi nne na haikukimbia wala hakuna jua, kuko kitu.

Na mavi. Muniwie razi, lakini mukulima ambaye anaona haya kuangalia mavi hafai kufuga. Mavi yenye vitu sawa mbegu za muchele, ni mategu. Mavi ya damu yenye harufu mbaya kabisa kwa kitoto cha imbwa chenye kutapika pia, ni ugonjwa wa parvo; hicho kitoto kinaweza kukufa ndani ya siku mbili ao tatu kama hakipewi mayi na matunzo, na vingine vya tumbo moja vitafuata. Usipeleke kitoto kingine kwenye lupango ile upesi, ule mududu unakaa ndani ya udongo miezi mingi. Kitoto chenye tumbo kubwa sawa ngoma na mbavu zinaonekana, si mushibo: ni minyoo. Minyoo ile inapita kwa batoto wetu pia, wale wanacheza chini kwenye udongo na kula bila kunawa.

Kuko ugonjwa mwingine ambao wazee wanachanganya na raje, ule wa Carré. Unaanza na usaa kwenye macho na pua, kukohoa, homa, kukataa kula. Kisha majuma kazaa imbwa inaanza kutetemeka muguu moja ao taya, inatafuna upepo, inaanguka kifafa. Carré haiingie mutu. Lakini mimi na wewe hatuna macho ya kutenganisha imbwa yenye kutafuna upepo kwa Carré na ile ya raje. Kwa hiyo fanya sawa ni raje, mupaka munganga wa nyama aseme ingine.

Juu ya upele sitakawia. Imbwa inajikuna mupaka nywele zinatoka masikioni, kwenye viwiko na tumbo, ngozi inakuwa mugumu sawa ya tembo. Unaponyeka. Lakini muache kupaka mafuta ya zamani ya mutori! Niliona imbwa moja yenye kupakwa mwili muzima, ikajilamba, ikakufa mbele ya upele. Mafuta ile inapita kwenye ngozi na inachoma tumbo. Na dawa ya kuogesha ng'ombe juu ya kupe, ile mutu anapima na kifuniko bila kusoma: kipimo ni cha ng'ombe, si cha imbwa ya kilo kumi na mbili. Vidonge vya watu vya kuondoa maumivu pia vinaua imbwa, nyingi zimekufa na ibuprofeni yenye mwenyewe alitoa kwa huruma.

Kupe zenyewe zisizarauliwe. Kupe inaleta ugonjwa wa damu: imbwa inachoka, haikuli, nyama ya meno inakuwa nyeupe, na mukojo unakuwa sawa chai ya kukolea ao kahawa. Ukiona mukojo wa namna ile, tafuta munganga wa nyama siku ile ile. Na wale wenye kukaa chini kuelekea Kamituga na pori, kwenye mbung'o, waangalie macho. Jicho la imbwa lenye kuwa na wingu la buluu ao nyeupe, pamoja na kukonda na kuvimba uso, linaweza kuwa malale ya nyama.

Wazee wetu wa porini walikuwa wanajua kuangalia. Hapa Congo kuko aina ya imbwa isiyobweka, ile inchi za inje wanaita basenji. Wawindaji walikuwa wanazivalisha kengele ya muti shingoni, juu hazipige kelele kwa kufuata nyama. Muwindaji aliisikia kengele na alijua imbwa iko wapi na inakimbia namna gani. Hakungoya imbwa imuambie. Sisi wenye imbwa za kubweka tumekuwa viziwi kuliko yeye.

Narudi kwa raje, juu njo yenye kunileta hapa.

Ile siku mutoto wa jirani alilumwa, sikukuwa pale. Mama mumoja muzee, memba wa zamani wa koperative yetu, alimukamata mutoto, akamupeleka kwenye bomba, akaosha kidonda na sabuni ya mawe na mayi yenye kutiririka, tena na tena, mutoto analia, yeye anaosha. Watu walikuwa wanamuita akuje aone imbwa. Akakataa, akaendelea kuosha. Kisha tulienda kwenye sentre ya afya. Munganga alisema ile kuosha njo dawa ya kwanza, na ifanywe dakika 15 muzima. Hakuna majani, hakuna mafuta, hakuna jiwe jeusi, hakuna kushona kidonda kukifunga mbio. Sabuni na mayi, halafu sindano.

Sindano haikukuwa pale. Tukatafuta pikipiki mupaka muji. Kule pia tulituma watu huku na kule mbele tupate. Tulikuwa watatu wa kudungwa: yule mutoto, mutoto wangu ambaye alilambwa kwenye mukwaruzo, na mimi na vidole vyangu vya kutafuta mufupa. Na haikuwe mara moja. Siku ya kwanza, siku ya 3, siku ya 7, halafu ingine mbele mwezi uishe. Kila mara pikipiki, kila mara kulala kwa watu, na wakati ule ulikuwa wa kupanda. Mbuzi tatu zikaisha, nguruwe ikafuata. Baba wa mutoto hakuniitisha hata franka moja, lakini kwa miezi mingi hatukuwa tunaongea sawa kale, na sikumukosea yeye haki.

Mutoto iko muzima. Anapita kwangu kila asubui akienda kusoma. Anapita upande ule mwingine wa njia.

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, wanahesabu kwamba raje inaua watu karibu 59 000 kila mwaka, wengi sana katika Afrika na Azia, na kwamba kati ya watu wanaolumwa na nyama yenye kuzaniwa kuwa na raje, karibu 40 kwa 100 ni batoto chini ya miaka 15. Hiyo haiwezi kutushangaza. Nani anaenda kisima? Nani anachunga mbuzi? Nani anatupia imbwa mufupa? Na imbwa njo inapitisha karibu raje yote yenye kuua watu, 99 kwa 100. Si popo, si nyani. Ni hizi zetu, za lupango.

Kwa hiyo nilisimama katika mukutano mukubwa wa mwaka uliopita nikaomba koperative itoe kiasi kidogo kwenye sanduku, kwa kuchanja imbwa zote za kijiji siku moja. Nilipigwa vibaya, na nataka kujibu hapa kwa utulivu, juu siku ile nilijibu kwa hasira.

Memba mumoja alisema: sanduku ni ya kilimo. Mimi naona kwamba pale imbwa yangu iligonjoka, nyumba mbili za koperative hazikupanda sawasawa musimu ule. Maharage yetu haikufika depo. Ile ni nini kama si kilimo? Mwingine akasema, kila mutu achanje imbwa yake. Hapa nilikosa kueleza vizuri. Chanjo ya raje inapaswa kukaa kwenye baridi, digri 2 mupaka 8, tangu inatoka kiwandani mupaka kwenye sindano. Mutu mumoja hawezi kutoa chupa muji na kuifikisha hapa kwenye mufuko wa suruali. Ile yenye kuuzishwa sokoni kwenye meza, chini ya jua, ni mayi tu, hata kama karatasi yake ni nzuri. Na kuko chupa za dozi 10: ukiifungua kwa imbwa moja, kenda zinapotea. Kumbe kama tunakusanya imbwa makumi tano pamoja, tunaita veterineri na kisanduku chake cha barafu mara moja, hakuna dozi inamwangika, na pikipiki ni moja. Kama kuko jambo ambalo liliumbwa kwa koperative, ni hili. Tunanunua mbegu pamoja kwa sababu hiyo hiyo.

Tena, imbwa yangu pekee ikichanjwa na kumi za majirani hazikuchanjwa, kijiji hakijapona. Waganga wa nyama wanasema ikifika imbwa 70 kwa 100, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Saba ndani ya kumi. Tunaweza kuhesabu, si mingi.

Mutu mwingine, kijana, alisema chanjo hizi ni kitu kipya cha kutujaribishia. Kijana, chanjo ya raje ilidungwa mutoto mumoja wa Ufaransa mwenye miaka 9, Joseph Meister, tarehe 6 mwezi wa 7 mwaka 1885, chini ya uongozi wa mwanasayansi Louis Pasteur. Babu yako hakukuwa amezaliwa. Yule mutoto alipona na akakomaa.

Neno lenye kuniumiza zaidi lilitoka kwa wale waliosema: dawa ni fimbo, tuue imbwa zote zenye kutembea. Ninaelewa woga wao. Lakini imbwa zikiuliwa ovyo, lupango zinabaki wazi, na kisha miezi kazaa imbwa zingine zinaingia kutoka vijiji vingine, hakuna anayejua kama zimechanjwa. Na sumu ya nyama inayotupwa njiani inauwa kuku, inauwa nguruwe, na mutoto anaweza kuiokota. Kuko tena jambo hili: ukimupiga mara moja imbwa aliyeluma mutu, unapoteza ushahidi. Imbwa yenye kuluma na inaonekana muzima ifungwe fasi nguvu, ipewe chakula na mayi kwa mbali, iangaliwe siku 10. Kama ingali nzima kisha siku 10, mate yake haikukuwa na raje siku ile ililuma. Lakini mutu aliyelumwa asingoye siku hizo! Yeye aoshe na aende apate sindano. Kama imbwa inabaki nzima, munganga atasema kama zenye kubakia ziachwe. Imbwa ambayo tayari iko na dalili, hiyo ni ingine: hakuna wa kuigusa, batoto wafungiwe ndani, shefu wa kijiji na veterineri waitwe. Ikikufa, usiichune, usiikule. Najua kwetu kuko wanaokula imbwa, sihukumu mutu, lakini kuchinja imbwa yenye raje ni kuweka mikono ndani ya bongo na mate yake.

Naomba pia tuache aibu. Mimi nilikawia siku mbili kusema, juu niliogopa watasema nafuga imbwa ya wazimu. (Jina la imbwa lilinifaa kweli.) Koperative yetu iko na mutu wa kupokea habari za mihogo migonjwa, aongezewe na habari za imbwa. Mutu akiona imbwa yake haimezi, sauti imegeuka, inaogopa mwangaza, inakula miti na mawe, ao ile kali imekuwa pole kupita kiasi na ile pole imekuwa kali, atume habari saa ile, bila kungoya kesho. Nasema hata ile yenye kuwa pole, juu wengi wanafikiri raje ni paka kukimbia na kuluma. Kuko raje ya kimya, imbwa inajificha kwenye giza na kukauka miguu ya nyuma. Watasema ilianza hivyo.

Pendekezo langu nalirudisha kwenye mukutano wa mwezi wa 8. Ulimwengu muzima wanafanya siku ya raje tarehe 28 mwezi wa 9, siku Pasteur alikufa, lakini tarehe hiyo kwetu kila mutu ana jembe mukononi na mvua imeharibu barabara. Mwezi wa 8 kungali kukavu, pikipiki ya veterineri inafika bila kusukumwa. Kila nyumba yenye imbwa itoe kidogo, sanduku iongeze, wasioweza wasikatazwe. Imbwa kuanzia miezi 3 zichanjwe, jina la kila moja na la mwenyewe liandikwe kwenye kaye ya koperative, na mwaka kesho turudilie. Nimeuliza bei kwa veterineri ninayemujua. Nitaileta ikiwa imeandikwa, na kila mutu aihesabu kando ya mbuzi zangu tatu.

Tuko na imbwa ingine sasa, jike, rangi ya udongo. Mutoto wangu mwanamuke njo anaifungua mudomo kila siku ya posho na kuniambia rangi. Akiniambia kitu kimegeuka, ninaweka jembe chini na ninaenda kuangalia.

Memba mumoja wa koperative, Walungu, Kivu ya Kusini